Dakika Arobaini na Tano hadi Kisumu

Kazini kwangu watu huuliza swali moja kila siku, na jibu nimelishika kama Baba Yetu. Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa ndege ni dakika arobaini na tano, uongeze kidogo kama kuna foleni ya kupaa. Angani ni kilomita mia mbili sitini na kitu. Nafanya kazi katika ofisi ya mizigo ya ndege, ofisi ndogo yenye dirisha moja na mizani moja, na kila anayekuja pale ana haraka: mwenye vifaranga, mwenye vipuri vya trekta, mwenye dawa za hospitali. Nawatajia dakika zao, wanashusha pumzi. Zamani nililitoa jibu hilo kwa majivuno, utadhani ndege ni zangu. Siku hizi nikilisema ulimi hunikauka.

Baba yangu alikuwa na jibu lake. Alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho mwenye bendera na filimbi, na kwake safari ya Kisumu haikuhesabiwa kwa saa, ilihesabiwa kwa vituo. Tulipokuwa wadogo hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, stima ikipotea, alitulaza kwa kututajia njia. Kikuyu, Limuru, Uplands. Kijabe, vaa koti. Longonot, Naivasha, Gilgil. Nakuru, shuka unyooshe miguu, lakini usiende mbali. Njoro, Elburgon, Turi. Hapo Turi ndipo usingizi uliponichukua mimi, usiku baada ya usiku. Vituo vilivyofuata nilivijua kwa kuvisikia mchana tu, akivitaja huku akinyoa ndevu.

Alikuwa akiniita Mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nilipopata kazi ya ndege alifurahi, akawanunulia majirani wote soda, kisha akaanza kunitania. Nilimkatia tiketi ya ndege Krismasi moja, akapanda, akarudi kwa basi. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema hakusafiri, alikaa kwenye kiti Nairobi akaamriwa ashuke Kisumu, na kwamba alipofika nyumbani alikula siku tatu bila kusikia ladha, maana yeye mwenyewe alikuwa bado yuko njiani. "Mama," aliniambia, "mwili ni mzigo, unarushwa tu. Mtu lazima apitishwe." Nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Nilidhani ni mambo ya mzee wa reli kuionea ndege wivu.

Alifariki hospitalini mwezi wa nane, kifua kilichomsumbua miaka mingi kikamshinda. Wiki ile ya matanga nyumba ya Umoja haikupumua. Vikao kila jioni, viti vya kanisa hadi barabarani, mimi nikiwa mtoto wa kwanza ndiye wa kuulizwa kila kitu, kuanzia rangi ya jeneza hadi nani atakula nini. Wazee walitaka aende kwa barabara kama wanavyokwenda wote. Lakini mvua ilikuwa imeharibu njia huko juu kwenye mteremko, magari yalikuwa yanalala njiani, na mazishi yalikwishapangwa. Nikasimama katikati ya kikao nikawaambia dakika arobaini na tano. Nikawaambia mimi ndiye ninayepakia mizigo ya watu kila siku, nitashindwaje kumpakia baba yangu. Nilikuwa nimechoka na nilisema kwa ukali, wakaridhia.

Aliyebaki na neno ni baba mdogo, ndugu yake baba. Aliuliza ni nani atakayesema naye huko juu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu magharibi, ukoo wetu una desturi ambayo hata kanisa limeshindwa kuing'oa. Mtu akifia mbali, hapelekwi nyumbani kimya. Mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, hukaa karibu na jeneza na kumwambia marehemu njia: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda, sasa tumefika soko fulani. Mjane humfungia marehemu kinywa chake hadi mwili uingie uani, haruhusiwi kuongea na marehemu safarini hata neno moja. Wanasema aliyekufa haoni njia, anafuata sauti ya damu yake, na akiikosa hubaki pale alipoachwa. Nimewahi kumsikia mjomba mmoja akifanya hivyo ndani ya gari la maiti, akitaja hadi vituo vya mafuta, nikalazimika kuuma mtandio nisicheke.

Baba mdogo aliwaza sana juu ya ndege. Jeneza lingekuwa chini, sisi juu. Mwishowe akaamua kwamba katikati ni bati tu, sauti itashuka. Nikamwahidi mbele ya kikao. Mama alikuwa amekaa pembeni na leso yake kichwani, akanitazama.

Asubuhi ile nilimsindikiza baba hadi kwenye mizani. Mwenzangu wa zamu alitaka kuandika karatasi za mzigo kwa niaba yangu, nikakataa, nikaziandika mwenyewe: atokako, aendako, muda wa safari. Ndani ya ndege mama alipewa kiti cha mbele, mimi nikapata cha nyuma karibu na bawa. Nilifunga mkanda. Nikainamisha kichwa dirishani nikasema polepole, "Baba, tunaondoka Nairobi." Ndege ikapaa, nikaona mabati ya Embakasi, nikaona na maghorofa ya Pipeline ninakokaa, nguo zimeanikwa kila roshani, kisha wingu likafunga kila kitu. Nikasema moyoni nitangoja litawanyike nione Longonot.

Kilichofuata ni magurudumu kugonga lami ya Kisumu.

Nililala. Sikuwa nimelala kitandani siku sita, na nililala kama mtoto, mdomo wazi, kutoka uwanja hadi uwanja. Baba alivuka bonde zima la ufa akiwa peke yake gizani kati ya vifurushi vya watu, na mwanawe aliyebeba jina la mama yake anakoroma juu yake.

Tuliposimama uwanjani kungoja jeneza lishushwe, mama alinisogelea. "Umemwambia?" aliniuliza. Nikasema nimemwambia. "Yote?" Nikasema yote. Akanitazama usoni kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akavuta leso yake. Kutoka pale hadi kwetu, ng'ambo ya Maseno, ni mwendo wa saa moja hivi, na saa hiyo nzima niliongea kwenye gari la maiti kwa sauti ya juu bila kumeza mate. Nilitaja kila kilima, kila shule. Baba mdogo alinisifu. Lakini mimi nilijua nimemsomea mtu barua kuanzia ukurasa wa mwisho.

Tulizika vizuri. Mama alikaa kwetu siku zake za kukaa, kisha akasema anakwenda Nairobi kuchukua vyombo vyake arudi kabisa, awe karibu na kaburi kama inavyopasa. Alikuja mwezi wa kumi. Krismasi ikapita, mwaka ukageuka, vyombo vilikuwa bado kabatini.

Nilidhani ni uzito wa kawaida wa mjane. Kila Jumamosi nilitoka Pipeline nikaenda Umoja kumpikia na kumsumbua. Presha yake ilikuwa imepanda, alikonda, chakula alikigusagusa tu. Nikimuuliza safari ni lini, anasema si sasa. Baba mdogo naye ananipigia simu, nyumba ya kaka yake imefungwa, kaburi limeota majani, watu wanasema. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mama kwa ukali anangoja nini katika nyumba hii yenye nyufa. Alikuwa akikunja nguo. Akasema, "Nitafungaje nyumba na mtu yumo ndani?"

Nilikasirika. Nilienda kanisani nikawaita akina mama wa maombi, wakaja wanane, wakaimba, wakapaka mafuta kizingiti na dirisha. Mama aliwapikia chai na akaimba nao vizuri sana. Walipoondoka aliosha vikombe vyote, akabakisha kimoja kikubwa cha bati kando ya jiko, cha baba.

Nyuma ya nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Umoja, kuna vyumba vilivyoongezwa vya kupangisha. Katika chumba cha mwisho alikuwa ameingia mpangaji mpya, msichana mmoja anayeuza nguo za watoto, mchangamfu, hajamjua baba hata kwa picha. Nilimkuta kwenye mfereji akifua. Tukasalimiana, nikamsaidia kusuuza, tukaongea mambo ya maji, kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Sister, na huyo mzee hugonga geti saa kumi na mbili jioni ni wa nani? Nikienda kumfungulia sioni mtu, but kikohozi nakiskianga poa sana."

Nikamwambia ni wa jirani. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya baridi na sikuihisi.

Baba alikuwa na ufunguo wake, lakini hakuwahi kufungua geti kabla ya kuligonga kwa ufunguo huohuo. Mara mbili, akanyamaza, mara moja. Hiyo ilikuwa ishara kwa mama aweke chai motoni. Alisema ni tabia ya kazi, treni haiingii kituoni bila kubisha. Jioni ile sikuondoka. Niliketi jikoni na mama, nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Saa kumi na mbili na dakika chache, jua bado liko kwenye mabati ya jirani, nikasikia chuma kwenye chuma. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Mama hakutazama geti. Alinitazama mimi. Halafu akainuka akaweka chai.

Nilitoka nikafungua. Mama mboga wa mbele yetu alikuwa kwenye kibanda chake anakata sukuma. Nikamuuliza nani amepita, akasema tangu aanze lile fungu hajapita mtu. Niliogopa. Sijui kuipamba hofu; niliogopa hadi nikashika geti, na chuma kile kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akipaka kifuani. Chini ya hofu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni aibu. Nilijua yuko wapi na nilijua ni nani aliyemwacha.

Nilirudi jikoni. Nikasema, "Mama, nililala."

Aliendelea kukoroga. "Najua," akasema. "Ulishuka na alama ya mshono wa kiti shavuni. Na wewe tangu utoto hujawahi kufika Kisumu ukiwa macho."

Nilimuuliza mbona alinyamaza miezi yote hiyo, akaniacha nile uongo wangu kila siku. Sauti yangu ilipanda, na mpangaji bila shaka alisikia. Mama alisema kwa baba kinywa chake kilikuwa kimefungwa na desturi siku ile, na baada ya hapo si yeye aliyekuwa na deni la kusema. Alikuwa ananingoja. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nililia pale kwenye kigoda, kwa hasira kwanza, halafu kwa kulia kwenyewe.

Baba mdogo hakunikaripia nilipompigia, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba mtu huchukuliwa pale alipo, si pale alipofia, na kwamba safari hii iwe ya chini, mchana, nisifumbe macho.

Tukaondoka Ijumaa. Mama alifunga vyombo vyake vichache, akatoa kabatini koti la reli la baba, lile zito la buluu lenye vifungo vya shaba. Getini niligonga kwa ufunguo wake, mara mbili, mara moja. Nikasema, "Baba, tunatoka Umoja sasa. Twende." Nilijisikia mjinga, mama mboga ananitazama kisu kikiwa hewani. Sikujali sana.

Nilikuwa nimekata tiketi tatu za basi. Tulilaza koti kwenye kiti cha dirishani, mimi katikati, mama pembeni. Kondakta alipokuja kuhesabu akauliza wa tatu yuko wapi. Mama akamwambia ameshakaa. Kijana wa watu alitazama koti, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akatoboa tiketi zote tatu na kuendelea nyuma. Nadhani naye anatoka upande wetu.

Nilianza kwa kunong'ona. Kikuyu. Limuru. Aibu ilinishika, mwanamke wa kiti cha nyuma alikuwa kwenye simu na akanyamaza kunisikiliza. Barabara ilipofika ukingoni na bonde likafunguka chini yetu, nikasema, "Baba, Kijabe. Vaa koti." Mama aliinama akalivuta lile koti, akalifunga kifungo cha juu. Baada ya hapo sikunong'ona tena. Naivasha nilisema kama mtu anayeita kituo.

Tatizo lilianzia Nakuru. Baada ya Nakuru barabara na reli huachana. Basi linashika njia ya Kericho, na baba katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupitisha treni yake Kericho. Nilishikwa na woga kwamba nitampoteza palepale. Nikamwambia mama. Alifikiri kidogo kisha akasema sisi tupite Kericho, yeye nimpitishe kwake. Basi nikaziba dirisha kwa pazia, nikaacha kutazama nje. Nikaanza kutaja vituo nisivyoviona. Njoro. Elburgon.

Turi usingizi ulikuja. Wallahi haukuwa usingizi wa basi. Ulikuja kama ulivyokuwa ukija utotoni, mzito na mtamu, na ndani yake nilisikia kabisa sauti yake ikitaja Molo badala yangu, na nilitaka sana kumwachia aendelee. Mama alinifinya paja kwa kucha. Alinifinya hadi leo nina kovu dogo. "Molo," nikasema. "Baba, Molo. Mau Summit. Londiani." Lumbwa nilikitaja kwa jina hilo la zamani, kama alivyozoea. Fort Ternan, Koru, Muhoroni. Chemelil, Kibigori, Miwani. Nilivitaja polepole, kila kimoja nikakipa nafasi yake ya kusimama. Nilipofungua pazia, ziwa lilikuwa linang'aa upande wa kushoto, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimefika Kisumu pamoja na baba yangu nikiwa macho.

Nyumbani mama alitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akawasha moto, akamimina chai vikombe viwili. Mimi sikusikia chochote, wala geti hatuna kule, ni ua wa miti tu. Lakini mama aliketi upande wa kaburi, akanywa chai yake yote na akaomba chakula. Usiku alilala moja kwa moja hadi jogoo. Asubuhi akaniambia nisihangaike kumletea vyombo vilivyobaki.

Jumatatu nilipaswa kuwa kazini, hivyo nilirudi kwa ndege ya Jumapili. Dakika arobaini na tano. Siku hiyo hapakuwa na wingu hata moja. Niliona mashamba ya miwa, nikaona reli kama uzi, nikaona Nakuru na ziwa lake, nikaona na mdomo wa Longonot. Nilikuwa macho kama bundi, na niliuma midomo safari nzima nisitaje hata kituo kimoja, asije akanifuata.

Kutoka uwanjani nilipitia Umoja kufunga nyumba. Mpangaji alikuwa kwenye mfereji, akaniambia siku hizi mbili kumetulia sana huku, hadi yeye amekosa kujua saa. Niliingia jikoni. Kikombe cha bati kilikuwa pale kando ya jiko. Bila kufikiri niliwasha moto nikaweka chai, nikaketi kwenye kigoda nikitazama geti. Saa kumi na mbili ikafika, mama mboga akamaliza fungu lake, jua likaondoka kwenye mabati, chai ikachemka hadi ikamwagika. Hakuna aliyegonga.

Nilikaa pale mpaka taa za barabarani zikawaka, na nikatamani ningekuwa nimetaja hata kituo kimoja kule angani.